Mshika Mengi wa Kamukunji

Mjomba wangu aliingia Kamukunji akiwa na miaka 17, hana cheti wala nyundo. Kazi ya kwanza aliyopewa ni kunyoosha mapipa ya mafuta yaliyopasuliwa, yawe bati tambarare. Wiki haijaisha, alikuwa ametoboa matundu ya jiko, amekunja ukingo wa karai na kufunga bawaba za sanduku la mwanafunzi. Hakungoja kumaliza somo moja ndipo aanze lingine. Ratiba yake ilikuwa oda ya mteja. Januari ikifika ni masanduku ya shule, baridi ya Julai ikiingia ni majiko.

Wazee wanatuambia mshika mawili moja humponyoka. Sasa mbona yeye alishika kumi na yakashikika?

Hebu turudi nyuma kidogo. Reli ya Uganda ilijengwa kati ya 1896 na 1901, na vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India. Baadhi yao walibaki, wenzao wengine wakaja baadaye kufungua maduka na karakana. Humo Waafrika waliajiriwa wabebe, washike, wapulize moto. Darasa halikuwepo. Waliiba ujuzi kwa macho, kisha wakatoka wakaanza zao nje, bila paa. Jina jua kali ni la hapo: ulifanya kazi ukichomwa.

Kwa miaka mingi wakubwa wa mji waliwaona kama uchafu wa kufagiwa. Mwaka wa 1972, Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira nchini Kenya ikasema tofauti: hawa watu wanazalisha, wacheni kuwahangaisha. Serikali ilichukua muda. Ni katikati ya miaka ya 80 ndipo Rais Moi alipowatembelea mafundi, na baadaye vibanda vikajengwa.

Lakini tusidanganyane, aina nyingi za kazi hazikutokana na busara fulani. Zilitokana na njaa. Fundi mwenye nyundo moja na mkasi wa bati hawezi kumwambia mteja, "Mimi ni wa majiko tu." Anakubali, halafu anakuna kichwa.

Na hapo kwenye kukuna kichwa ndipo alipojifunzia. Karai lilimfunza jinsi bati linavyotanuka likipigwa. Sanduku lilimfunza kona, koroboi likamfunza kuziba mshono usivuje. Aliporudi kwenye jiko, mkono ulikuwa unajua mambo ambayo jiko peke yake lisingemfunza.

Watafiti waliwahi kuona kitu kama hicho. Katika jaribio lililochapishwa 1978, watoto wa miaka 8 walifanya mazoezi ya kurusha vifuko vya maharagwe kwenye shabaha. Kundi moja lilirusha kutoka futi 3 tu. Lingine lilirusha kutoka futi 2 na 4, futi 3 halikugusa kabisa. Siku ya kupimwa, wote waliwekwa futi 3. Lililofanya vizuri zaidi ni lile lililochanganya.

Miaka ya 80 mwanzoni, jiko la makaa lenye kiuno chembamba na udongo wa kuchomwa ndani lilianza kusambaa Nairobi. Wazo lilitoka mbali, hadi Thailand, lakini ganda la chuma lilipigwa na mafundi wa jua kali. Ilibidi mtu wa bati aelewane na mtu wa udongo, vipimo vikutane. Naamini mikono iliyozoea kubadilisha kazi kila siku ndiyo iliyolipokea haraka.

Basi methali ni ya uongo? Hapana. Mjomba alijaribu pia kutengeneza redio, akaunguza mbili na kulipa zote. Alichojua kuhusu bati hakikumsaidia ndani ya redio hata kidogo. Kazi zake kumi zilishikika kwa sababu zote zilikuwa bati, na kila moja ilikuwa na mwenyewe atakayekuja Jumamosi kuichukua. Isipokwisha, hakuna unga.

Kuna siku alienda kuomba kibarua cha kufundisha vijana kwenye chuo kimoja. Akaulizwa karatasi. Akatoa jiko kwenye gunia. Walilisifu sana, wakamrudishia.

Namkumbuka nikiona vijana wa rika langu, asubuhi anahariri video, mchana anachora nembo, usiku anaandikia watu matangazo, na nyumbani anaambiwa hajatulia. Pengine kweli hajatulia. Lakini kabla ya kumhukumu, muulize maswali mawili ambayo mjomba angemuuliza. Bati ni lile lile? Na ya Jumamosi imeisha?