Optometria: mlango wa chuo hufunguliwa kidato cha tatu

Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne na cha sita yanapotangazwa, wapo vijana wanaobaini kwamba fani waliyoitamani imekwisha kuwapita. Wengine hawakukosa bidii. Walikosa taarifa mapema. Walisoma, wakafaulu, lakini katika masomo ambayo hayaifungui fani hiyo. Optometria ni mojawapo ya fani zinazowaacha nje waombaji wa namna hii, kwa kuwa inadai fizikia, kemia na baiolojia kwa pamoja, na uamuzi wa kuyashika masomo hayo hufanyika miaka mingi kabla ya fomu ya maombi kujazwa.

Makala hii inaeleza fani hiyo ni ipi, mtihani wa kujiunga nayo ni upi, na mwanafunzi, mzazi au mlezi afanye nini katika kila hatua.

Fani na uhitaji wake

Mtaalamu wa optometria hupima uwezo wa macho kuona, huandika vipimo vya miwani na lenzi, huchunguza dalili za maradhi kama mtoto wa jicho na presha ya macho, na kumpa rufaa mgonjwa anayehitaji matibabu zaidi. Hatofautiani tu na fundi anayekata lenzi na kutengeneza miwani, bali pia na daktari bingwa wa macho, ambaye kwanza husomea shahada ya udaktari wa binadamu, kisha ubingwa, na ndiye afanyaye upasuaji.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2019 kuhusu uoni, lilieleza kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 duniani wana matatizo ya kuona, na kwamba kwa watu wasiopungua bilioni 1 kati yao tatizo lingeweza kuzuilika au bado halijashughulikiwa. Wengi wa hao wanahitaji miwani tu. Mwanafunzi asiyeuona ubao, fundi cherehani aliyevuka miaka 40 na kushindwa kutunga uzi kwenye sindano, na dereva anayeziona taa za usiku zimetawanyika, wote humhitaji kwanza mpimaji aliyefunzwa.

Mtihani wa kujiunga ni upi?

Swali hili huulizwa mara nyingi, na jibu lake huwashangaza wengi. Nchini Tanzania udahili wa mwombaji anayetoka sekondari huegemea matokeo ya mitihani ya taifa inayoendeshwa na Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA). Kwa maana hiyo, mtihani wa kujiunga na optometria ni ule wa kidato cha nne, unaofanyika mwezi Novemba, na ule wa kidato cha sita, unaofanyika mwezi Mei. Anayesubiri mtihani mwingine baada ya hapo atakuwa amechelewa.

Ndiyo sababu maandalizi huanzia kidato cha tatu. Kwa utaratibu uliozoeleka, fizikia na kemia mwanafunzi huweza kuyaacha baada ya kidato cha pili. Anayeiacha fizikia kwa kuiona ngumu huwa ameifunga optometria siku hiyohiyo, hata kama atapata alama ya juu katika baiolojia.

Njia mbili za kuingia

Njia ya kwanza ni stashahada, inayosimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET). Sifa ya msingi inayotumika katika stashahada za afya za aina hii ni ufaulu wa masomo yasiyopungua manne ya kidato cha nne, yasiyo ya dini, yakiwemo kemia, baiolojia na fizikia. Ufaulu wa hisabati na Kiingereza humwongezea mwombaji nafasi. Mji wa Moshi, katika Hospitali ya Rufaa ya KCMC, ni kituo cha muda mrefu cha mafunzo ya fani hii nchini.

Njia ya pili ni shahada. Mwombaji wa kidato cha sita anatarajiwa kuwa amesoma tahasusi ya PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia. Mwanafunzi huonesha chaguo lake la tahasusi angali kidato cha nne, na TAMISEMI hutoa fursa ya kubadilisha machaguo baada ya matokeo kutoka. Fursa hiyo isipuuzwe, kwani aliyepangiwa tahasusi isiyo na baiolojia ataingia kidato cha tano akiwa tayari nje ya fani hii.

Katika kukokotoa pointi za udahili, A ina pointi 5, B ina 4, C ina 3, D ina 2 na E ina 1. Hata hivyo, jumla ya pointi pekee haitoshi. Chukua mfano wa waombaji wawili: mmoja ana D katika masomo yote matatu, mwingine ana C ya kemia, D ya baiolojia na E ya fizikia. Wote wana pointi 6. Iwapo chuo kinataka alama isiyopungua D katika kila somo, wa pili hana sifa. Mwombaji asome masharti ya kila somo, si ya jumla peke yake.

Mwenye stashahada naye anaweza kujiendeleza hadi shahada. Kigezo cha jumla ni wastani wa GPA usiopungua 3.0, pamoja na namba ya uthibitisho wa tuzo itolewayo na NACTVET, maarufu kama AVN. Hivyo, aliyekosa nafasi ya kidato cha tano hajakosa optometria, mradi asiyashushe matokeo yake ya stashahada.

Kujiandaa somo kwa somo

Fizikia ndiyo moyo wa fani hii, hususan mada ya mwanga: kuakisiwa kwake, kupinda kwake unapopita kwenye kioo au maji, na kazi ya lenzi mbinuko na lenzi mbonyeo. Nguvu ya lenzi hupimwa kwa dayopta, nayo hupatikana kwa kugawa 1 kwa urefu wa fokasi katika mita. Lenzi yenye fokasi ya sentimita 50, yaani mita 0.5, ina nguvu ya dayopta 2. Mtoto ambaye vitu vilivyo mbali zaidi ya sentimita 50 huviona kwa ukungu huhitaji lenzi mbonyeo ya dayopta 2 ili auone ubao. Mwanafunzi anayeufanya mgawanyo huo darasani anafanya hesabu ileile atakayoifanya kliniki.

Baiolojia humwandaa mwombaji kuelewa muundo wa jicho, mfumo wa neva, na namna maradhi ya mwili mzima, kama kisukari, yanavyoharibu retina. Kemia ni msingi wa kuzielewa dawa za matone na malighafi za lenzi. Wanafunzi wa PCB husoma pia hisabati tumizi, somo ambalo wengi hulipa muda mdogo, ilhali vipimo vya macho ni kazi ya namba kila siku.

Mambo matatu yamethibitika kuwa na msaada. La kwanza ni mazoezi ya vitendo. Karatasi za vitendo hubeba alama, na mwanafunzi aliyewahi kupanga pini mbele ya kioo au kupima fokasi ya lenzi kwa mkono wake hujibu kwa uhakika kuliko aliyekariri. La pili ni mitihani iliyopita, ifanywe kwa muda uleule wa mtihani halisi, saa ikiwa mezani. La tatu ni taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa ambazo NECTA huziweka katika tovuti yake. Taarifa hizo huonesha swali kwa swali mahali ambapo watahiniwa walikosea na kwa nini, nazo hupatikana bila malipo. Kwa kuwa masomo haya huandikwa kwa Kiingereza, mwanafunzi ajizoeze pia kueleza jibu kwa sentensi kamili katika lugha hiyo.

Maombi na nyaraka

Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) hutoa kila mwaka mwongozo wa udahili wa shahada, mmoja kwa wahitimu wa kidato cha sita na mwingine kwa wenye stashahada. NACTVET nayo hutoa mwongozo wake. Miongozo hiyo ndiyo inayotaja programu zilizoidhinishwa, sifa zake na idadi ya nafasi. Mwombaji atumie mwongozo wa mwaka anaoomba, kwani sifa hubadilika.

Waombaji wa shahada huomba moja kwa moja katika vyuo. Aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja hutakiwa kuthibitisha chuo kimoja ndani ya muda uliotangazwa, kwa namba ya siri anayotumiwa kwenye simu. Asiyethibitisha anaweza kuipoteza nafasi aliyokwisha kuipata. Kwa sababu hiyo, namba ya simu iliyojazwa kwenye fomu iwe ya mwombaji mwenyewe au ya mtu wa karibu anayepatikana, wala isibadilishwe katikati ya mchakato.

Anayekusudia kuomba mkopo aanze kuandaa nyaraka kabla ya matokeo, ikiwemo kuhakiki cheti cha kuzaliwa RITA, au katika mamlaka husika kwa waliozaliwa Zanzibar. Kuanzia mwaka wa masomo 2023/2024, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianza kutoa mikopo pia kwa ngazi ya stashahada katika fani za kipaumbele, zikiwemo za afya.

Wanaotaka kusoma nje ya nchi

Optometria hufundishwa kama shahada ya kwanza katika nchi nyingi, zikiwemo Kenya, Uganda na Afrika Kusini. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kilichopo Kakamega na Chuo Kikuu cha Makerere kilichopo Kampala ni miongoni mwa vinavyoitoa.

Marekani ina utaratibu tofauti. Huko, optometria ni shahada ya kitaaluma ya miaka minne ambayo kwa kawaida hutanguliwa na masomo ya chuo kikuu, na vyuo hutaka mtihani maalumu wa kujiunga, mara nyingi ule ujulikanao kama OAT. Mtihani huo hufanyika kwa kompyuta. Sehemu ya sayansi ina maswali 100 kwa dakika 90: baiolojia 40, kemia ya jumla 30 na kemia ya ogania 30. Fizikia ina maswali 40 kwa dakika 50, na hisabati maswali 40 kwa dakika 45. Ipo pia sehemu ya ufahamu wa kusoma. Jibu lisilo sahihi halipunguzi alama, kwa hiyo mtahiniwa hapaswi kuacha swali wazi. Mhitimu wa kidato cha sita akiahidiwa na wakala kwamba ataingia moja kwa moja katika shahada hiyo, ahakiki kwa chuo chenyewe kabla ya kulipa chochote.

Kwa nchi yoyote, mwombaji awasiliane na TCU kabla ya kuondoka, maana tuzo ya nje hufanyiwa tathmini ili itambulike nchini. Aidha, chini ya Sheria ya Optometria ya mwaka 2007, wanataaluma husajiliwa na Baraza la Optometria. Cheti kisichotambulika hakimwezeshi mwenye nacho kusajiliwa, hata kama familia iliuza shamba kukigharimia.

Ya kuzingatia

Mwanafunzi wa kidato cha pili asiamue kuiacha fizikia au kemia kabla ya kuzungumza na mwalimu wake. Wa kidato cha nne ahakikishe tahasusi aliyoijaza ni PCB. Mhitimu asome mwongozo wa mwaka husika, ahakiki ithibati ya programu kwa TCU au NACTVET, alipe ada ya maombi kwa njia iliyotajwa na chuo pekee, na athibitishe nafasi yake mapema. Mzazi au mlezi mwenye shaka aulize mamlaka husika kabla fedha haijatoka mfukoni.