Nani Ataiamini Chupa Iliyorudi?

Nilipoacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imenishinda, kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa kuuza katika duka la pombe mtaani kwetu. Ijumaa asubuhi lori la bia likifika, mambo yalikuwa rahisi: kreti za chupa tupu zinatoka, zilizojaa zinaingia, pesa ya chupa inahesabiwa. Chupa ya bia ilikuwa na kwao. Ya mvinyo haikuwa na kwao. Hiyo niliambiwa niivunje.

"Kwaruza lebo kwanza, halafu uvunje," mama mwenye duka aliniambia siku ya kwanza. "Ukiitupa ikiwa nzima, kesho itarudi hapa na kitu kingine ndani."

Alikuwa ameshauziwa mvinyo feki, na wateja walimrudia wakilalamika. Basi kila jioni nilikuwa nyuma ya duka na nyundo na gunia, navunja chupa nzuri kabisa, kisha mzee mmoja wa mkokoteni anakuja kununua vigae kwa kilo.

Nilidhani ndivyo dunia ilivyo: bia hurudisha chupa, mvinyo haurudishi. Kumbe mvinyo ulikuwa na mtindo huo karne nyingi kabla ya kreti zetu.

Twende Uingereza. Mwaka 1615 Mfalme James I alipiga marufuku kuchoma kuni kwenye matanuri ya vioo, kwa sababu miti ilihitajika kujenga meli za kivita. Mafundi wakahamia makaa ya mawe. Moto ukawa mkali zaidi, na katika miaka iliyofuata wakaanza kutoa chupa nene, nzito, za rangi ya giza. Zamani chupa ilikuwa kitu laini cha kuwekwa mezani. Sasa ikaweza kubeba na kuhifadhi mvinyo.

Lakini zilipulizwa kwa mdomo, moja moja, na hakuna mbili zilizotoshana. Ukinunua mvinyo kwa chupa ya muuzaji, unajuaje hujapunjwa? Kwa hiyo mwenye pesa alinunua chupa zake mwenyewe, zikapigwa muhuri wa kioo wenye nembo yake, akazipeleka kwa muuza mvinyo zijazwe kutoka kwenye pipa. Oktoba 1663, Samuel Pepys, afisa wa utawala wa jeshi la majini jijini London, aliandika katika shajara yake kwamba amekwenda kuona chupa zake mpya zenye nembo yake zikijazwa, kama dazeni tano au sita hivi. Ukisoma unaona jinsi alivyojivunia. Zikiisha, zinarudi kujazwa tena.

Angalia imani ilikaa wapi hapo. Chupa ni yangu, muhuri ni wangu, wewe muuzaji kazi yako ni kupima tu.

Baadaye zikaja mashine. Mwaka 1903 Mmarekani Michael Owens alianzisha kampuni ya mashine yake ya kutengeneza chupa bila pumzi ya mtu. Sasa chupa elfu moja zingeweza kufanana kabisa. Hilo lilifungua milango miwili: chupa ya bei ndogo ambayo huna uchungu nayo ukiitupa, na chupa moja ambayo kampuni nyingi zinaweza kuitumia kwa zamu.

Ufaransa ilipita mlango wa pili. Mvinyo wa kila siku ulisafiri kwa mabehewa kutoka mashamba ya kusini hadi maghala ya Bercy, kando ya mto Seine jijini Paris. Huko Bercy, karibu na wanywaji, ndiko ulikojazwa kwenye chupa. Katikati ya karne ya 20, chupa iliyojulikana sana ilikuwa ya lita moja yenye nyota sita kuzunguka bega lake. Haikuwa ya shamba fulani. Ulilipa pesa ya chupa, ukanywa, ukairudisha, ikaoshwa, ikajazwa na yeyote. Na hawa watu walikuwa wanakunywa, si mchezo: mwanzoni mwa miaka ya 1960, wastani ulipita lita 100 kwa mtu kwa mwaka.

Niliposoma hayo nilikumbuka nilivyokuwa nikitumwa soda nikiwa mdogo. "Chupa iko wapi?" Kama huna, unakunywa hapo hapo dukani au unarudi nyumbani mbio.

Sasa, ni nini kilichokata mzunguko huo? Sababu ni nyingi. Supamaketi hazikutaka kazi ya kupokea na kupanga chupa chafu. Plastiki na boksi za karatasi zikaja. Watu wakapunguza kunywa mvinyo wa kila siku. Lakini kuna sababu moja iliyoanzia mbali zaidi, na hiyo ndiyo inayonigusa: udanganyifu.

Pipa likiondoka shambani, nani anajua litachanganywa na nini njiani? Mwaka 1924, Philippe de Rothschild, kijana wa miaka 22 tu, aliamua kwamba mvinyo wote wa shamba lake la Mouton, kule Bordeaux, utajazwa na kuzibwa papo hapo shambani. Taratibu wengine wakamfuata. Mnywaji akapata ulinzi, hilo halina ubishi. Lakini chupa ikawa sasa inajazwa Bordeaux na kumalizwa London, au Nairobi. Nani atairudisha? Imani ilihamia kwenye kioo chenyewe, na kila shamba likataka kioo chake: bega lake, uzito wake, rangi yake.

Gharama yake ni hii: karibu nusu kilo ya kioo, kilichoyeyushwa kwenye tanuri la nyuzijoto kama 1,500, ili kubeba mililita 750 mara moja tu. Kuiosha kunahitaji maji ya nyuzi kama 80 na magadi makali.

Ndiyo maana Ulaya inajaribu kurudi nyuma. Sheria ya Ufaransa ya 2020 ililenga asilimia 10 ya vifungashio viwe vya kutumika tena kufikia 2027. Kule Württemberg, Ujerumani, vyama vya ushirika vya wakulima wa zabibu vilidumu na chupa yao ya lita inayorudishwa. Somo lao ni lile la Bercy: umbo moja, lebo inayobanduka kwa maji, na mwoshaji aliye karibu na mnywaji.

Kwetu, mvinyo mwingi unatoka Afrika Kusini, na kurudisha chupa tupu Cape Town ni kichekesho. Lakini mvinyo huweza kusafirishwa bila chupa, kama lita 24,000 kwenye mfuko mmoja ndani ya kontena, na kujazwa unakofika. Uingereza hufanya hivyo kwa wingi. Chupa zingeweza kuzunguka hapa hapa, kama za bia.

Ila bia inaaminika kwa sababu kiwanda chenyewe kinazipokea, kinaziosha na kuzijaza. Mvinyo ungehitaji mtu wa kusimama hapo katikati, na mtu huyo bado hayupo.

Jioni moja yule mzee wa mkokoteni alimuuliza mama, "Kwani mbona mnazivunja? Zikiwa nzima ningewalipa zaidi."

"Ndiyo maana tunavunja, mzee," mama akamjibu.