Fenner Brockway
Fenner Brockway (1888–1988), mzaliwa wa Calcutta, alikuwa mbunge wa chama cha Leba nchini Uingereza, akiwakilisha Leyton East (1929–1931), kisha Eton and Slough (1950–1964). Mwaka 1930 alisimamishwa vikao kwa kumkaidi Spika alipodai India ijadiliwe. Baadaye aliibana serikali kwa maswali kuhusu makoloni, Kenya ya Hali ya Hatari ikiwemo, hata akapewa lakabu ya Mbunge wa Afrika. Kazi yake nzito zaidi ni muswada binafsi wa kupiga marufuku ubaguzi wa rangi: aliuwasilisha mara tisa, haukupita. Sheria ya kwanza ya namna hiyo ilitungwa 1965, yeye akiwa amekwisha kushindwa uchaguzi kwa kura 11 tu na kuingia Baraza la Malodi.