TRENI ZA MVUKE ZA MEZANI: Zilivyotoka Kwa Watoto wa Matajiri Hadi Kwenye Vibanda vya Mafundi wa Kawaida

Leo ni zamu ya vyuma.

Ukisikia "treni ya kuchezea" akili inakimbilia lile dude la plastiki la betri, linazunguka sebuleni siku mbili, ya tatu limekufa. Hiyo iweke pembeni. Inayozungumziwa hapa ni treni ndogo yenye boila ya kweli, moto wa kweli na mvuke wa kweli. Unaijaza maji, unawasha moto, unasubiri presha ipande, unafungua vali, na yenyewe inaondoka ikipumua kama ile kubwa. Kuna za kubeba kwa mkono mmoja, na kuna zinazovuta watu wazima kumi waliokaa kwenye mabehewa.

Wanaozitengeneza wengi wao ni watu ambao huwezi kukuta majina yao kwenye kitabu chochote: fundi bomba, mwalimu mstaafu, karani, dereva. Lakini nyuma ya vidude hivi kuna ugomvi wa zaidi ya miaka mia moja. Nani anastahili kuwa na mashine ya kweli? Na nani anaruhusiwa kujua inavyotengenezwa?

VIKOJOZI VYA BIRMINGHAM

Katikati ya karne ya 19, reli zikiwa zinasambaa Uingereza nzima, mafundi wa shaba walianza kuunda vichwa vya treni vidogo vya kuuza madukani. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Pipa dogo la shaba ndo boila. Chini yake taa ya spiriti. Silinda mbili, magurudumu machache, basi. Reli hakuna, kinatembea sakafuni.

Silinda zake zilikuwa za kuyumba. Yaani pistoni imeunganishwa moja kwa moja na gurudumu, kwa hiyo gurudumu likizunguka silinda nzima inacheza mbele na nyuma. Katika kucheza huko tundu la mvuke linafunguka na kufunga lenyewe. Vipuri vichache, bei chini, lakini inavuja balaa. Kila kilipopita kiliacha mstari wa maji sakafuni, na Waingereza hawakukawia kuvipa jina la utani: vikojozi vya Birmingham, kwa sababu mji huo ndo ulisifika kwa kazi za shaba.

Kukojoa ilikuwa nafuu. Shida kubwa ilikuwa moto. Kikigonga mguu wa meza na kupinduka, spiriti inamwagika kwenye zulia huku inawaka. Na mwenye zulia enzi hizo ni nani? Tajiri. Mtoto wa mfanyakazi wa kiwandani, ambaye huenda baba yake ndo aliyekisugua hicho kidude mpaka kikang'aa, alikiona kwenye kioo cha duka tu.

WAJERUMANI WALETA VIPIMO

Mwaka 1891, kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilionyesha kwenye maonyesho ya biashara ya Leipzig treni za watoto zenye reli za vipimo maalumu vilivyopewa namba. Ukinunua kichwa leo na behewa mwaka kesho, vyote vinaenda kwenye reli ileile. Namba 1 leo inahesabiwa milimita 45 kutoka reli hadi reli, na ile ndogo ya namba O ni milimita 32. Vipimo hivyo viwili bado vinatumika mpaka leo.

Uingereza nako, mji wa Northampton, kukawa na kampuni ya Bassett-Lowke. Mwaka 1900, kwenye maonyesho makubwa ya Paris, mwenye kampuni akakutana na Bing, watengenezaji wa midoli kutoka Nuremberg. Wakaelewana: Wajerumani watatengeneza vichwa vinavyofanana kabisa na treni za Uingereza, yeye atauza kwa katalogi. Aliuza pia michoro na vipande vya chuma vilivyomwagwa kwenye kalibu, kwa wale wanaotaka kujiundia wenyewe.

Vilikuwa vizuri, tatizo bei. Na hata ukinunua vipande, nani atakufundisha kuvifanya treni? Tangu 1898 London kulikuwa na jarida la Model Engineer kwa ajili ya watu wa namna hii. Ila kusoma makala ya kitaalamu ni jambo moja, kushika tupa na kuanza kukwangua chuma ni jambo lingine.

MTU WA HERUFI NNE

Hapa ndo anaingia mtu ambaye wasomaji walimjua kwa herufi nne tu: LBSC. Herufi hizo alizichukua kwenye jina la kampuni ya reli aliyowahi kuifanyia kazi, ile ya London, Brighton na pwani ya kusini. Hakuwa profesa. Nyuma ya nyumba yake alikuwa na reli yake ndogo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 wataalamu wengi waliamini kwamba kichwa kidogo kinafaa kuchoma spiriti, basi. Makaa ya mawe hayawezi kuwaka sawasawa kwenye jiko dogo kiasi hicho, na hata yakiwaka hayatatoa nguvu ya maana. Mtu wa herufi nne akasema si kweli. Alikuwa ameunda kichwa alichokiita Ayesha, cha reli ya inchi mbili na nusu, kinachochoma makaa kama treni kubwa, na kilikuwa kinamvuta mtu mzima.

Barua zikaanza kurushwa kwenye jarida. Huyu anamwambia yule hajui hesabu, yule anamjibu huyu hajawahi kushika koleo. Mwaka 1924 ubishi ukatolewa kwenye karatasi na kupelekwa mbele ya watu. Waingereza mpaka leo wanauita vita ya maboila. Ayesha akafanya alichoambiwa hakiwezekani, akavuta watu kwa moto wa makaa.

KWA NINI WATAALAMU WALIKUWA NA HOJA

Tusiwaonee, walikuwa na sababu. Ayesha ni ndogo mara 24 kuliko treni halisi. Ukipunguza kila upande mara 24, ngozi ya boila inapungua mara 576, lakini maji ya ndani yanapungua mara 13,824. Maana yake, kwa kila tone la maji kuna eneo mara 24 zaidi la kupotezea joto. Ni kama chai: iliyo kwenye kikombe inapoa wakati ya kwenye sufuria bado inachoma.

Kwa hiyo huwezi kuchukua mchoro wa treni kubwa, ukaugawa kwa 24, ukategemea itembee. Ujanja ulikuwa kwenye mambo mawili. La kwanza, mvuke uliokwisha kufanya kazi kwenye silinda unarushwa juu kupitia chimni kwa bomba lililolengwa vizuri. Ukitoka kwa kasi unavuta hewa kupitia kwenye makaa, na moto unakolea wenyewe kadiri treni inavyokaza mwendo. La pili, mvuke unapitishwa tena karibu na moto kabla ya kufika kwenye silinda ili uwe mkavu. Ukifika na unyevu unageuka maji njiani, na nguvu inaishia hapo.

Ushindi mkubwa zaidi ulikuja baada ya hapo. Kwa miaka zaidi ya 30, LBSC aliandika wiki baada ya wiki jinsi ya kuunda vichwa vya treni hatua kwa hatua, kwa lugha ya mtu anayeongea na jirani juu ya ukuta. Toboa hapa, kata pale, ukikosa kifaa hiki tumia kile. Kichwa chake kimoja cha wanaoanza, Tich, chenye magurudumu manne kwa reli ya inchi tatu na nusu, kinaundwa mpaka leo na kinambeba mtu.

Vita Kuu ya Pili ilipoisha, mwaka 1946 ikatoka mashine ya kukerezea vyuma ya Myford ML7, saizi ya kuingia kwenye kibanda cha nyuma ya nyumba. Mtu akajibana, akainunua, jioni akitoka kazini anakata chuma hadi usiku. Kichwa kimoja kinaweza kumaliza miaka mitano, hata kumi. Lakini ni chake, na kila nati ameifunga kwa mkono wake.

SETI ZIKAFUNGUA MLANGO MWINGINE

Si kila mtu ana mashine ya kukerezea wala miaka kumi ya kusubiri. Mwaka 1975 kampuni ya Aster ya Japani ilianza kuuza vichwa vya mvuke vya reli ya milimita 45, na ikajijengea jina kwa seti za kuunganisha mwenyewe. Vipande vyote vimekatwa tayari, boila imekamilika, wewe ni bisibisi, spana na subira. Bei yake ilikuwa ya kukalisha mtu chini, lakini kazi safi.

Upande wa mfuko mwembamba, karibu na mwaka 1980 kampuni ya Mamod ilitoa kichwa cha bei ya chini chenye silinda za kuyumba, zilezile za vikojozi, kikichoma vidonge vya moto. Kilikuwa dhaifu, lakini kwa bei ile watu hawakuogopa kukifungua. Wakabadilisha jiko, wakabadilisha silinda, na wengi wakajifunzia hapohapo. Miaka hiyohiyo ikaja Roundhouse ya Doncaster na vichwa vya gesi vya kutembea bustanini, vilivyokamilika au kwa seti.

Kituko kilitokea 2003. Hornby wakatoa treni ya mvuke ya reli ya milimita 16.5 tu. Moto hamna, maji yanachemshwa kwa umeme unaopita kwenye reli.

UKITAKA KUCHAGUA, ANZIA HAPA

Kwanza, unataka kuitazama au kuipanda? Ya kutazama, milimita 32 au 45 inatosha. Ya kukaa na kuvutwa, anzia inchi tatu na nusu, na wengi wanapendelea inchi tano.

Pili, moto. Vidonge ni rahisi lakini huwezi kupunguza wala kuongeza. Spiriti haina kelele, ila mwali wake hauonekani juani, unaweza kupeleka mkono ukidhani imezima. Gesi ndo rafiki wa anayeanza: unawasha, unarekebisha kwa kishikio, ukitaka unazima. Kujaza gesi fanyia nje, mbali na moto wowote. Makaa yana raha yake, lakini kwenye kichwa kidogo hupumziki, kila dakika chache unachungulia moto na maji.

Tatu, soma vizuri seti inataka nini. Kuna za bisibisi, na kuna zinazodai mashine ya kukerezea na kulehemu kwa fedha. Kama hujawahi kulehemu, nunua boila iliyokamilika na kupimwa. Vichwa vingi vya gesi vya bustanini vinafanya kazi kwenye presha ya psi 40 hivi, zaidi kidogo ya upepo wa tairi la gari dogo. Inaonekana ndogo, lakini mvuke unaunguza. Boila mpya hupimwa kwa maji baridi kwa presha mara mbili ya ile ya kazi, na klabu za Uingereza hazikuruhusu kuwasha moto kwenye reli yao bila cheti. Ukinunua cha mkononi, ulizia hicho cheti kabla ya kuulizia rangi.

Nne, maji yawe safi yasiyo na chumvichumvi, na yasiishe moto ukiwa unawaka. Vali ya usalama usiikaze ili upate nguvu zaidi. Ipo hapo kwa ajili ya uso wako.

RELI YETU YA MITA IMO

Ile reli ya zamani ya Mombasa iliyofika ziwani Kisumu mwaka 1901 ina upana wa mita moja. Gawa milimita 1,000 kwa 45 unapata 22 na kidogo. Wajerumani wa LGB, walioanza 1968, wanatumia kipimo cha 1 kwa 22.5 kwenye reli ya milimita 45 kwa sababu hiyohiyo: kuonyesha reli za mita.

Sasa chukua yale majitu ya Garratt ya daraja la 59 yaliyopewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Yalitengenezwa 34 huko Manchester, yakaja miaka ya 1955 na 1956. Kila moja lina urefu wa zaidi ya mita 30 na uzito wa tani 252. Mojawapo, Mount Gelai, limo kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Kwa kipimo hicho linageuka kitu cha mita 1.4 hivi, na uzito ukipungua kwa hesabu ileile unabaki kilo 22 hivi. Linakaa kwenye meza ya chakula.

Mafundi wa kulehemu wapo Gerezani, wa kukerezea wapo Kariobangi, na shaba chakavu inauzwa kwa kilo. Vijana wanaounda magari ya waya na makopo yanayokata kona hawajaanza jana. Kilichomfanya karani wa London aunde treni jikoni kwake ni mtu mmoja kukaa chini na kumwandikia kwa lugha anayoielewa: toboa hapa, kata pale. Kwa Kiswahili maandishi ya namna hiyo ni machache mno, na mafundi wanaoyaweza wapo, wanazeeka nayo kichwani.

Je mdau, ungeanza na gesi au ungejitosa kwenye makaa? Na kama mzee wako alifanya kazi reli enzi za mvuke, tupia hapo chini alichokusimulia kabla hakijasahaulika.