Wakaao na Wahamao: Habari za Mitandao ya Simu Tanzania

Watungao matangazo ya biashara hupenda kumgawa mtumiaji wa simu katika mafungu mawili, la mwaminifu adumuye na mtandao wake miaka nenda miaka rudi, na la mhamaji aifuataye bei kila iliposhuka. Lakini atakayeichunguza tarehe ya simu za mkononi katika Tanzania, tangu zilipoingia 1994 hata leo, ataona kwamba mgawo huo hauwaelezi watu wetu sawasawa, kwa sababu aghalabu ahadi waliyokuwa wakiitunza ilikuwa baina yao na jamaa zao, na kampuni ilisimama katikati ya ahadi hiyo kama mpokeaji wa ujira.

Kabla ya hapo suala la kuhama halikuwako. Simu ilikuwa mali ya shirika moja, kwanza lile la Afrika Mashariki hadi Jumuiya ilipovunjika 1977, kisha Shirika la Posta na Simu Tanzania, ambalo mwombaji aliweza kulingoja miaka kabla ya waya kufika nyumbani pake. Sheria za 1993 zililigawa shirika hilo, posta ikaenda upande wake na simu upande wake, na mlango ukafunguliwa kwa makampuni ya binafsi. Mobitel ilitangulia, 1994. Tritel ikafuata, nayo haikudumu. Zantel ikachipuka Zanzibar 1999. Vodacom ikaanza kazi 2000, na Celtel 2001. Katika miaka hiyo ya mwanzo simu ya mkononi ilikuwa ya mabalozi, wakurugenzi na wafanyabiashara wakubwa, na sehemu nyingi za nchi zilikuwa hazina mnara hata mmoja, seuze miwili ya kuchagua.

Kila kampuni ilipewa tarakimu zake za mwanzo, na tarakimu hizo hazikukawia kupata heshima ambayo nadhani hakuna aliyeikusudia. Vodacom ilikuwa 0744, Zantel 0747 na Celtel 0748, kisha mpango wa namba ulipotanuliwa zikawa 0754, 0777 na 0784, na waliokuwa nazo walizichukua kuingia nazo katika mpango mpya kwa furaha, maana namba ilikuwa imekwisha kuandikwa mahali pengi mno. Ilikuwa imepakwa rangi juu ya mlango wa duka na ubavuni mwa mkokoteni. Ilikuwa katika kibao cha fundi cherehani, katika daftari la muuza mbao, na kijijini ilikuwa imeandikwa kwa mkaa ukutani, karibu na kitanda cha mama asiyejua kusoma, ili mjukuu atokapo shule ambonyezee. Kuibadili ilikuwa ni kuifuta kuta zote hizo kwa siku moja, na kuta nyingine mtu hakumbuki hata ziko wapi.

Ndiyo sababu namba ya zamani imekuwa shahada. Mwenye 0754 au 0784 hudhaniwa kuwa mtu wa siku nyingi, aliyetulia, ambaye aliyemkopesha jana atampata kesho. Na anayebadili namba kila baada ya mwaka hutiliwa shaka, kwamba huenda yako madeni anayoyakimbia au mke aliyemtelekeza. Wenzetu wa Kenya wana hisia hiyo hiyo mintarafu ya 0722 na 0733. Kwa macho ya mbali mwenye namba ya zamani huhesabiwa kuwa mteja mwaminifu wa kampuni yake, na kampuni hujisifu kwa hilo. Lakini mwulize, naye atakwambia kwamba kinachomweka pale ni hofu ya kupotezwa na watu.

Na lau uaminifu ungekuwa kwa kampuni, basi ingetupasa kuuliza ni kampuni ipi. Mobitel iligeuka Buzz, kisha Tigo, na tangu Novemba 2024 huitwa Yas, baada ya kununuliwa 2022 na ushirika unaoongozwa na Axian, kundi lenye asili ya Madagaska. Celtel, iliyoasisiwa na Mo Ibrahim, Msudani mwenye uraia wa Uingereza, iliuzwa 2005 kwa MTC ya Kuwait, ikaitwa Zain 2008, na 2010 ikaangukia mikononi mwa Bharti ya India ikawa Airtel. Mtu aliyenunua laini ya Celtel na kukaa nayo bila kutikisika amekuwa chini ya wenyewe watatu na majina matatu, na hakuna siku aliyopigiwa simu kuulizwa radhi yake. Mabango yalishushwa usiku, rangi za vibanda zikabadilishwa, naye asubuhi akaendelea kupokea simu kwa namba ile ile. Kwa insafu, basi, katika miaka hii thelathini makampuni ndiyo yaliyohama zaidi ya wateja.

Mteja naye hakukaa bure. Kampuni moja ilipopelekewa simu na wateja wa kampuni nyingine ilitoza gharama ya maunganisho, nayo ilikuwa shilingi 112 kwa dakika hadi Mamlaka ya Mawasiliano ilipoishusha kuwa shilingi 34.92 kuanzia tarehe 1 Machi 2013, na kuzidi kuishusha katika miaka iliyofuata. Gharama hiyo ilimfikia mpigaji, hata kumpigia mtu wa mtandao mwingine kukawa anasa, na kumpigia wa mtandao wako kukawa jambo la kawaida. Hapo ndipo koo zilipoanza kujipanga kwa mitandao: kaka mkubwa akiwa Vodacom, wadogo walinunua Vodacom, bibi harusi alipoolewa katika nyumba ya watu wa Celtel alinunua laini ya pili ili awe na masikilizano na mawifi, wala hakuitupa ile ya kwao.

Laini ya pili ilitunzwa namna yake. Ilifungwa katika kipande cha karatasi ya vocha iliyokwisha kukwanguliwa, ikatiwa katika mfuko wa ndani wa pochi. Na jioni, saa ya nafuu ilipoingia, mwenyewe alifungua mgongo wa simu, akatoa betri, akaitelezesha laini moja nje kwa ukucha na kuitia nyingine, akangoja simu iwake upya. Kisha zikaja simu za Kichina zenye nafasi mbili, za Tecno zikiwa mbele, na ukucha ukapumzika. Fungua simu yoyote ya wakati ule usome majina yaliyohifadhiwa: Mama Voda, Mama Tigo, Juma Zain, Juma Zantel. Huyo Juma hakuwa msaliti wa kampuni yoyote. Alikuwa na rafiki huku na mteja kule, akamtimizia kila mmoja haki yake kwa bei anayoimudu. Wataalamu wa biashara waliomhesabu kuwa ni wateja wawili walikosea hesabu, na waliomwita kigeugeu walimdhulumu.

Jambo lililobadili mizani ni fedha. Safaricom ilianzisha M-Pesa Kenya mwezi Machi 2007, Vodacom ikaileta Tanzania 2008, na Tigo Pesa ikafuata 2010. Kwa muda si mrefu laini ikawa mkoba wa fedha, na kibanda cha wakala kikawa benki ya mtaa. Kwa miaka kadhaa mikoba hiyo haikusikilizana: aliyetumiwa fedha kutoka mtandao mwingine alipokea ujumbe wenye tarakimu za siri tu, akaenda kwa wakala wa mtandao uliotuma kuzitoa taslimu, na ada yake ilikuwa nzito. Alama ya zama zile naiona katika kadi za michango ya harusi. Chini kabisa ya kadi, baada ya majina ya wazazi na siku ya sherehe, kamati iliorodhesha namba za kupokelea michango, moja ya M-Pesa, moja ya Tigo Pesa, moja ya Airtel Money, na aghalabu kila moja ilikuwa na mjumbe wake, ili asiwepo mwalikwa atakayesingizia mtandao. Tigo, Airtel na Zantel zilikubaliana 2014 kupokeana fedha, Vodacom ikaingia 2016, na kwa tendo hilo wananchi walipata faraja kubwa kuliko waliyoipata kwa punguzo lolote la bei ninalolikumbuka.

Ilikuwa baada ya hayo ndipo ruhusa ya kuhama na namba ilipokuja. Kenya ilikuwa imekwisha kuitoa tarehe 1 Aprili 2011, Tanzania ikaitoa tarehe 1 Machi 2017. Muradi wake ulikuwa mwema: mtu asifungwe na kampuni kwa sababu ya tarakimu zake. Walioitumia, hata hivyo, walikuwa wachache, na sababu si ngumu kuzijua. Mpigaji alikuwa amezoea kuisoma bei katika tarakimu za mwanzo, hata 0754 iliyohamia kwingine ikawa inampotosha anayeitumia dakika za bando la ndani ya mtandao. Salio la vocha halikuhama. Fedha za mkobani ilipasa zitolewe kwanza. Tena aliyekuwa na laini tatu alikuwa amekwisha kuhama siku nyingi bila kumwomba mtu ruhusa, na bila kuondoka alipokuwa. Uandikishaji wa laini kwa alama za vidole, ambao laini zisizotimiza sharti lake zilianza kuzimwa tarehe 20 Januari 2020, ulimfanya kila mmoja azipitie laini zake na kuamua ipi afe nayo na ipi aiachie; na zilizoachiwa, kadiri nilivyoona, ni zile ambazo hakuna mtu aliyekuwa akizijua.

Kuna kifungo kingine ambacho ruhusa ile ya 2017 haikukigusa, nacho naona ndicho kizito leo. M-Pawa ya Vodacom ilipoanza 2014, mteja aliweza kukopa kwa simu bila kuweka rehani, na kiasi alichopewa kilipimwa kwa mwenendo wake: vocha alizoweka, fedha zilizopita mkononi mwake, na wepesi wake wa kulipa. Mitandao mingine imefanya vivyo hivyo. Mama muuza samaki wa soko la Feri, Dar es Salaam, ambaye kwa miaka mingi amelipa kila mkopo kwa wakati na kuongezewa kima kidogo kidogo, anaweza leo kuhama na namba yake. Lakini sifa aliyoichuma kwa jasho hubaki nyuma katika daftari la kampuni, naye kule aendako huanza upya kama mtu asiyejulikana. Sifa hiyo ni mali yake, kama namba ilivyo yake, na sheria iliyoweza kuihamisha namba haina udhuru wa kuiacha sifa.