Kutoka meja kwenda maina

Mwaka 1547 Heinrich Glarean wa Uswisi alichapisha Dodecachordon, kitabu kilichoongeza mitindo minne ya sauti juu ya minane ya kanisa. Mtindo wa do na ule wa la ndiyo mizizi ya funguo za meja na maina.

Watunzi wa karne ya 17 na 18 walipendelea kuhama kutoka do meja kwenda la maina, kwa kuwa funguo hizo mbili hutumia noti zilezile. Sol tu hupandishwa nusu toni ili iivute la. Sehemu ya kati ya arya nyingi za opera ilipita huko.

Njia ya pili ya kutoka meja kwenda maina ni fupi na kali zaidi: do habanduki, mi hushushwa nusu toni. Kwa ukali wa lugha huku si kuhama ufunguo, ni kubadili sura yake. Franz Schubert aliifungua kwateti yake ya mwaka 1826 kwa akodi ya G meja inayovimba polepole na kupasukia maina. Katika simfoni ya sita ya Gustav Mahler, iliyopigwa kwanza Essen mwaka 1906, tarumbeta hushika A meja kwa kishindo, kisha hufifia katika maina.