Mtoto Mgomvi na Nia ya Mwenzake

Hebu fikiri kidogo. Mtoto wako yuko bombani na ndoo yake; mwenzake anapita, anamgusa kiwiko, maji yanamwagika. Je, ni kusudi au bahati mbaya? Mtoto haulizi. Anaamua mara moja, na mkono umekwisha inuka.

Bwana Jean Piaget wa Uswisi, katika kitabu chake cha mwaka 1932, alieleza jinsi alivyowasimulia watoto habari mbili. Mtoto mmoja alifungua mlango akavunja vikombe 15 asivyojua kuwa vipo nyuma yake. Mwingine alivunja kimoja tu, akidokoa jamu kabatini. Wadogo wengi walimlaumu zaidi yule wa vikombe 15. Walitazama hasara, hawakutazama nia. Wakikua, huanza kuitazama nia.

Basi mbona wakubwa nao hupigana? Mwaka 1980 Mmarekani Kenneth Dodge alitoa habari za jaribio lake. Wavulana wa shule walipewa vipande vya picha wavipange wapate zawadi, kisha kila mmoja akaona kazi yake imeharibiwa na mwenzake. Ilipokuwa wazi kwamba mwenzake alitaka ubaya, wote walikasirika, wapole na wagomvi. Ilipokuwa wazi kwamba alitaka kusaidia, wote walijizuia. Naam, hata wagomvi! Kumbe kujizuia wanaweza. Tofauti ilitokea pale nia isipojulikana: wapole walifanya kama kwamba ni ajali, wagomvi kama kwamba ni uadui.

Macho hayo ya kuona adui wameyapata wapi? Sikiliza vizuri hapa, wewe mzazi. Mwaka 1990 Dodge na wenzake, Bates na Pettit, walitangaza habari za watoto 309 waliofuatwa tangu kabla ya kuanza shule. Waliokuwa wamepigwa nyumbani hata kuumizwa walielekea zaidi kudhani wenzao wana nia mbaya, na shuleni walikuwa wagomvi zaidi.

Wala si mambo ya Marekani peke yake. Mwaka 2015 zilitoka habari za watoto 1,299 wa nchi 9, wakiwamo wa Kisumu, Kenya. Kila mahali, mtoto aliyedhani ametendewa kwa uadui alielekea zaidi kujibu kwa ugomvi.

Kabla ya somo lijalo, mwulize mtoto wako habari ya ile ndoo. Usimkosoe, msikilize tu anavyojibu.